Gari Imeshuka Bandarini: Pesa ya Rimu Ipeleke Kwenye Oili

Vitz yangu ilishushwa bandari ya Malindi, Unguja, mwaka 2023, nikaivusha kwa meli mpaka Mkoani, Pemba. Njia nzima ya kwenda Chake nilishughulika na redio inayozungumza Kijapani. Kufika nyumbani nikafungua boneti: oili kwenye kijiti ina rangi ya asali, maji ya rejeta ya waridi. Nikajiambia gari haina neno, na pesa iliyobaki nikaanza kuipigia hesabu ya rimu.

Siku ya pili nikaona stika kwenye ubavu wa mlango wa dereva. Gereji za Japani hubandika stika kama hiyo, au huiweka ndani ya boneti, kuonesha oili ilibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Yangu iliandikwa 30.6.12, nikaisoma tarehe 30. Kumbe 30 ni mwaka. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao: mwaka wa Heisei unauongeza 1988, wa Reiwa unauongeza 2018. Kwa hiyo ilikuwa Juni 2018. Baada ya hapo, Mungu ndiye ajuaye. Oili ya injini na filta nikabadilisha siku ile ile, na hilo kila mtu analijua.

Kisa kiko kwenye giaboksi, na yangu ni ya aina ya CVT.

Nilimpelekea fundi mmoja, simtaji. Nikamuuliza, "Hii CVT, oili yake unayo?" Akacheka. "Shekhe wangu, oili nyekundu zote ni moja." Akamwaga ya zamani, akatia haidroliki ya kawaida, ile ya giaboksi za otomatiki. Mimi nimesimama pale pale, nanyamaza, kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

CVT haina gia za hatua. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike puli bila kuteleza na bila kulika. Haidroliki ya otomatiki haikukusudiwa kazi hiyo. Pemba nayo haikufichi ubovu wa gari: siku mbili baadaye, kwenye vilima vya njia ya Wete, injini inalia na mwendo hauongezeki, gari inatetemeka kama ina homa. Niliimwaga ile oili na kutia CVT halisi mara tatu, kwa sababu ukifungua nati ya chini haitoki oili yote. Nyingine hubaki ndani. Gari ilipona, lakini asubuhi ikiwa baridi bado inatikisika kidogo wakati wa kuondoka.

Kwa hiyo kabla ya kununua kopo, jua giaboksi yako. IST za mwanzo ni otomatiki ya gia nne, zinatumia Type T-IV. Vitz za CVT zinatumia CVT Fluid TC au FE, kufuatana na toleo. Usikubali kusukumiwa oili kwa mashine kwenye giaboksi iliyotembea sana. Mwaga, jaza, tembea, kisha rudia. Pima ulichotoa kwa chupa za lita na urudishe kiasi hicho hicho, gari ikiwa mahali pa tambarare (Chake kupapata ni kazi nyengine).

Rejeta: rangi ya waridi haikuambii umri. Kama hujui historia, mwaga utie kulanti mpya, na ikiwa ni ya kuchanganywa, changanya na maji ya betri (yale yasiyo na asidi), si ya mfereji. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai; maji hayo hayo ndiyo unayotaka kuyazungusha kwenye injini? Na usifungue kifuniko ikiwa moto.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani hata gari ikiwa imesimama, na yakishika maji huchemka mapema ukishuka mlima na mguu juu ya breki. Yangu yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Tia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kopo lililofunguliwa mwaka jana liache.

Rimu sijanunua mpaka leo. Kwenye mlango nimebandika karatasi yangu chini ya ile ya Kijapani: oili gani, kilomita ngapi, na mwaka kwa tarakimu nne.