Maziwa hayaoshi mapafu, ndugu zangu wa mikorosho

Huku Newala mwezi wa sita ukiingia unaamshwa na mashine za kupulizia, zinalia kila upande, watu wamewahi shambani umande haujakauka, na ukitoka nje unakuta salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, imetua mpaka kwenye ndoo uliyosahau kuifunika, vumbi la njano juu ya maji. Sina ugomvi na salfa jamani, bila hiyo ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unamaliza maua na huvuni kitu. Ila vifua vyetu tunavichezea.

Mi nina pumu toka utotoni. Mwaka juzi kijana wa kupulizia alikosekana nkasema napiga mwenyewe, nimefunga tisheti mdomoni, nimemaliza mikorosho yangu yote, nikarudi nyumbani nikanywa maziwa kama tulivyozoea ili kusafisha kifua, nikalala. Saa nane usiku nashtuka kifua kimebana, hewa inapita kama kwenye mrija wa soda, nataka kumwambia mke wangu kitu naishia maneno mawili. Akanipakia kwenye bodaboda, mi katikati yeye nyuma kanishikilia, mpaka zahanati.

Nesi wa zamu akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akaitoboa kitako kwa kisu cha moto, akachomeka inhela, kile kichupa cha dawa ya pumu ya kuvuta, pale, mdomo wa chupa nikauweka mdomoni mwangu, akabonyeza mara moja, vuta taratibu, toa, vuta tena. Dawa ikifyatuliwa moja kwa moja nyingi inaishia kooni, ndani ya chupa inatulia kwanza ndo unaivuta. Baadaye akaniambia maziwa yanaenda tumboni, njia ya hewa ni nyingine kabisa, hata unywe ndoo hayafiki kwenye mapafu.

Kwa hiyo mwenye pumu usipulizie, lipa mtu, na siku jirani anapulizia kaeni ndani we na watoto mpaka vumbi litue. Anayepulizia atafute barakoa ya N95 inayobana vizuri usoni, tisheti haitoshi. Na mifuko ya salfa msiichome moto!! Salfa ikiungua inatoa gesi inayobana njia za hewa vibaya sana, kwa mwenye pumu dakika chache tu zinatosha.

Halafu salfa ikiisha unakuja moshi, mwezi wa tisa na wa kumi watu wanachoma majani shambani, kina mama wanachoma korosho kwenye debe na yale mafuta ya ganda moshi wake unawasha mpaka machozi. Moshi una chembe za chini ya mikromita 2.5, unywele mmoja unazizidi unene karibu mara 30, hizo zinapitiliza mpaka kwenye vifuko vya hewa huko chini kabisa. Mama, debe liweke mbali na nyumba, kaa upande upepo unakotokea, na mtoto mgongoni mwachie bibi yake.

Na ukikohoa wiki mbili usiseme ni salfa tu, nenda kapime makohozi, kipimo cha TB hospitali za serikali ni bure.

Chupa yangu ipo kwenye msumari pembeni ya mlango na inhela ndani yake. Hata wa darasa la pili anajua kuichomeka.