Mafuta ya shilingi 50,000 na maswali mengine ya vita vya kiroho

Mama wa watoto watatu, Katwe: Kila saa nane usiku naamka siwezi kujigeuza, kama mtu amenikalia kifuani. Mtumishi mmoja ameniambia ninunue mafuta ya shilingi 50,000 nipake milangoni. Ninunue?

Usinunue, mama. Hiyo hela lisha watoto. Yakobo 5:14 inawataja wazee wa kanisa wanaompaka mgonjwa mafuta na kumwombea; bei haimo. Simoni wa Samaria alipotaka kutoa pesa apate nguvu za Roho, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe."

Ukiamka, usibaki gizani unasikiliza hofu. Kaa kitandani, weka miguu chini usikie ubaridi wa sakafu, soma Zaburi 121 kwa sauti, hata ya chini watoto wasiamke: "hatasinzia wala hatalala usingizi." Halafu nenda zahanati. Madaktari wanaijua hali hii ambapo akili huamka kabla ya mwili, na uchovu huizidisha. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Kijana mwenye duka, Busia: Ndugu yangu wa baba mmoja ananiroga duka lisiende. Naweza kumwombea afe?

Hapana, mwanangu. Waefeso 6:12 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, na ndugu yako ni damu na nyama. Wala huna hakika kama amekuroga. Mwombee rehema, kisha ukague daftari la madeni.

Mwanafunzi, Mbale: Kama Mungu analinda, mbona mashahidi wa Namugongo waliungua?

Swali hili nimelibeba miaka mingi, nalo halinitoki nikilijibu juu juu. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, Wakristo, walichomwa moto huko Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Anglikana wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya Idi Amin. Hawa walikuwa watu wa maombi, si wazembe.

Soma Danieli 3. Wale vijana watatu waliotishiwa kutupwa motoni walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," hawataisujudia sanamu. Moto uliweza kuuchukua mwili wa Lwanga. Kumfanya amkane Yesu haukuweza. Ulinzi ninaoujua mimi ni huo. Mwaka mmoja nilikuwa kando ya barabara mahujaji wakielekea Namugongo, nikamwona bibi aliyevaa ndala za tairi, miguu imevimba. Nilimpa maji, akanywa nusu, iliyobaki akampa kijana nyuma yake, akaendelea kutembea.

Askari wa lindo, Ntinda: Silaha za Mungu huvaliwaje hasa?

Afande, wewe unajua kuvaa kuliko mimi. Katika Waefeso 6 Paulo, naye akiwa kwenye minyororo, alianza na mshipi wa kweli, kwa sababu nguo isiyofungwa humkwaza askari mwenyewe. Basi anza hapo. Kama kuna deni unamficha mke wako, au jina la mwanamke kwenye simu limeandikwa "Fundi," mwambie leo kabla ya zamu. Ukishasema kweli, chukua ngao ya imani, na upanga, yaani Neno. Weka Agano Jipya dogo mfukoni, usome mstari mmoja kila ukimaliza kuzunguka geti.

Ijumaa kwenye mkesha tutawataja ninyi nyote wanne mbele za Bwana.