Usinunue Uhalisia kwa Kioo cha Simu: Ushauri kwa Anayeanza Kukusanya Michoro ya Wamarekani wa Leo

Mchoro wa uhalisia, yaani ule unaomwonyesha mtu, nyumba au bakuli la matunda kama macho yanavyoviona, ndio unaopunjwa zaidi na kioo cha simu. Mchoro wa dhahania, yaani usioonyesha kitu kinachotambulika, hata ukiutazama kwenye simu, wewe unajua kwamba ni rangi; wa uhalisia, ukishapunguzwa hadi ukubwa wa kiganja, hufanana na picha iliyopigwa kwa kamera, na kazi yote ya mkono inayoupa thamani hupotea. Nimeishi Philadelphia miaka mingi, na kwa mshahara wa kawaida nimekuwa nikikusanya kidogo kidogo kazi za wachoraji wa Marekani walio hai. Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuanza ni huu: usinunue mchoro ambao hujasimama mbele yake, na mahali pa kusimama ni kwenye maonyesho ya nyumba za sanaa, yaani zile zinazoonyesha na kuuza kazi za wachoraji.

Kabla ya hapo, hata hivyo, jicho linahitaji kuzoezwa kwa kazi ambazo haziuzwi. Mimi nilianzia Pennsylvania Academy of the Fine Arts, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1805, ambako Thomas Eakins, mchoraji wa uhalisia wa karne ya 19, alifundisha mpaka alipolazimishwa kujiuzulu mwaka 1886. Mchoro wake mkubwa wa mwaka 1875, unaomwonyesha daktari Samuel Gross akifanya upasuaji huku mkono wake ukiwa na damu, ulikataliwa na kitengo cha sanaa cha maonyesho ya miaka 100 ya uhuru wa Marekani, ukatundikwa kwenye banda la hospitali ya jeshi, na mwaka 1878 ukanunuliwa kwa dola 200. Mwaka 2006 ulipokaribia kuuzwa nje ya jiji, watu wa Philadelphia walichangishana ili ubaki, kwa bei ya dola milioni 68. Sisimulii haya ili kumtia mtu tamaa ya faida, kwa kuwa michoro mingi inayonunuliwa kwenye nyumba za sanaa haiuziki tena kwa bei iliyonunuliwa. Ninachotaka uone ni giza lililomzunguka daktari yule: kwenye simu ni weusi mtupu, lakini ukisimama mbele ya mchoro wenyewe utakuta limejaa nyuso za wanafunzi waliokaa wakitazama.

Mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa, katika kijiji cha Chadds Ford, lipo jumba la makumbusho la Brandywine lenye kazi za Andrew Wyeth, mchoraji wa uhalisia aliyefariki mwaka 2009. Wyeth alipenda rangi ya unga iliyochanganywa na kiini cha yai, ambayo hukauka upesi sana na kumlazimisha mchoraji kujenga umbo kwa mistari myembamba iliyopandana. Ukishaitazama nyasi yake moja moja kwa karibu, hutaridhika tena na mchoro ambao nyasi zake zimepakwa ili mradi zionekane kijani.

Baada ya mazoezi hayo ndipo nyumba za sanaa zinapokuwa na faida. Kuingia ni bure, na hakuna anayekuuliza una kiasi gani mfukoni. Philadelphia, katika mtaa wa Old City, hufungua milango jioni ya Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi. New York, katika mtaa wa Chelsea, maonyesho mengi huzinduliwa Alhamisi kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku. Uzinduzi ni mzuri kwa kuonana na mchoraji mwenyewe na kumuuliza alianza na nini, lakini haufai kwa kutazama, kwa sababu umati huziba kuta. Rudi siku ya kawaida asubuhi, ukikumbuka kwamba nyingi hufungwa Jumapili na Jumatatu.

Ukiwa peke yako na mchoro, anza kwa mbali, usogee hadi uone alama za brashi, kisha simama pembeni ili mwanga uupige kwa mshazari. Pale ndipo utakapoona kama rangi ina unene au imelala bapa. Tazama kingo: mchoraji anayejua huacha ukingo mmoja uwe mkali na mwingine uyeyuke ndani ya kivuli, ilhali anayenakili huikata yote sawasawa. Tazama vivuli kama vina rangi ndani yake, na tazama mikono, maana wengi wanaoweza sura hushindwa na vidole. Kutumia picha za kamera si aibu. Eakins mwenyewe alizitumia, na mchoraji Richard Estes alijenga jina lake kwa kuchora vioo vya maduka ya New York kutokana nazo. Linalopaswa kukutia shaka ni mchoro usioongeza chochote juu ya picha ilikotoka. Uliza pia waziwazi kama kazi ni rangi za mafuta tangu mwanzo hadi mwisho au ni chapa ya mashine iliyopakwa rangi juu yake, na ujibiwe kwa maandishi.

Maonyesho ya mchoraji mmoja yanafundisha jambo ambalo mchoro mmoja hauwezi. Kazi zake zikiwa pamoja utajua kama anatafuta kitu kipya kila mara au anarudia dirisha lile lile kwa sababu liliuzwa. Kwa majina mapya, mimi hutegemea zaidi maonyesho ya Outwin Boochever, mashindano ya picha za watu yanayofanywa kila baada ya miaka mitatu katika jumba la makumbusho la National Portrait Gallery, Washington. Amy Sherald, anayechora ngozi za Wamarekani weusi kwa rangi za kijivu, aliyashinda mwaka 2016, na watu wengi walimjua miaka miwili baadaye tu, picha yake ya Michelle Obama ilipozinduliwa.

Kuhusu bei, orodha huwa mezani, si ukutani, na nukta nyekundu maana yake kazi imeuzwa. Kwa kawaida nusu ya bei ni ya mchoraji na nusu ni ya nyumba ya sanaa. Mwenye kipato kidogo aulize michoro ya penseli na ya mkaa ambayo mchoraji aliifanya kama maandalizi. Mara nyingi imehifadhiwa kwenye droo za nyuma, bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mchoro kamili wa turubai, na kwa maoni yangu ndiyo inayoonyesha jinsi mchoraji anavyofikiri. Ankara itaje jina la mchoraji, jina la kazi, mwaka, vifaa na vipimo. Ujue pia kwamba kwa sheria ya Marekani unanunua kitu chenyewe. Hakimiliki inabaki kwa mchoraji, hivyo huna ruhusa ya kuchapisha kadi kutokana nacho.

Kazi za karatasi zisikae kwenye jua, na ubao wa nyuma ya fremu uwe usio na asidi. Anayekusudia kurudi nazo Mombasa, Tanga au Zanzibar afikirie unyevu wa pwani, ambao huleta ukungu kwenye karatasi upesi kuliko baridi ya huku.

Usione haya kuomba kulipa kwa awamu. Nyumba nyingi za sanaa hukubali miezi kadhaa bila riba, mchoro ukibaki kwao hadi umalize deni. Ukimaliza, omba ujulishwe kabla ya uzinduzi unaofuata, kwa kuwa wachoraji wa aina hii humaliza kazi chache kwa mwaka na zilizo bora huondoka kabla milango haijafunguliwa.