Maswali yenu: Nani mwenye chombo cha habari?

Tangu niitaje Outfoxed, filamu ya hali halisi ya Robert Greenwald (2004) kuhusu Fox News, kituo cha televisheni cha habari cha Marekani cha tajiri Rupert Murdoch, maswali yamemiminika. Najibu machache.

Naipata wapi bure? (wengi)
Kila wiki swali hilihili. Watu wametoa jasho kuitengeneza, inunueni.

Murdoch ni Mwaustralia. Alimilikije televisheni Marekani? (Morogoro)
Alichukua uraia wa Marekani mwaka 1985, maana sheria ilimbana mgeni.

Zile nyaraka za ndani za Fox zilizoonyeshwa kwenye filamu ni za kweli? (Tanga)
Za kweli. Ni maagizo ya kila siku ya John Moody, mmoja wa wakubwa wa habari pale, na yalivuja. Someni lile la Machi 2004, tume ya kuchunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilipokuwa ikiwahoji mawaziri: wafanyakazi waliambiwa wasiigeuze kuwa Watergate, ile kashfa iliyomng'oa Rais Nixon. Mwandishi hajamsikiliza shahidi, tayari kapimiwa uzito wa habari! Mnangoja kumwona mmiliki akimpigia mhariri simu. Hana haja. Akishamweka mkubwa anayejua bosi anataka nini, walio chini hujifunza upesi habari ipi inapanda na ipi inafia mezani, kisha wanaanza kujichuja wenyewe.

Mali ni yake, kwa nini asiseme apendalo? (Nakuru)
Aseme, kwenye safu ya maoni. Habari ni jambo jingine. Aprili 2023 Fox ilikubali kuilipa Dominion, kampuni ya mashine za kura, dola milioni 787.5 kumaliza kesi ya kuichafulia jina. Nyaraka za mahakamani zilionyesha watangazaji wakiyadharau faraghani madai ya wizi wa kura za urais wa Marekani za 2020, huku kituo chao kikiyarusha hewani. Waliogopa watazamaji watawahama. Huko ni kumuuzia mtu samaki unayejua kaoza. Na nyinyi mnaonitumia vipande vya video mkiuliza "hii kweli?", tazameni kwanza nani kakirusha na nani anamlipa.

Greenwald naye hana upande? (Mombasa)
Anao. Ni mwanaharakati wa mrengo wa kushoto, MoveOn, kundi la wanaharakati wa mrengo huohuo, ilisaidia kuisambaza filamu, na wengi waliohojiwa ni wakosoaji wa Fox au waliowahi kufanya kazi huko. Itazame ukilijua hilo, lakini usizitupe nyaraka kwa sababu humpendi aliyezionyesha.

Murdoch si kastaafu? (Dodoma)
Mwaka 2023 alimwachia uenyekiti mwanawe, Lachlan. Usukani umebaki nyumba ileile.