Barua kwa mwanangu: punda wa kwenye pango

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo, mvua za vuli zimetunyeshea vizuri. Ulinipigia Jumapili ukaniambia mjukuu wangu ameuliza mbona kwenye pango la Krismasi, lile tunalolitengeneza kuonyesha Yesu alivyozaliwa, tunaweka punda, na Injili haimtaji. Ukauliza na wewe: nani alianzisha pango? Nilikuomba nikae nalo kwanza swali hilo.

Mtoto ana macho. Nimesoma tena Luka sura ya 2: hori ipo, wachungaji wapo, punda hayumo. Ametoka kwa nabii Isaya, sura ya 1, pale anaposema ng'ombe anamjua bwana wake, na punda anakijua kibanda cha bwana wake. Wakristo wa kale waliuona mstari ule unahusu Bethlehemu, na tangu karne ya 4 wanyama hao wawili wanaonekana wamechongwa kando ya Mtoto kwenye majeneza ya mawe.

Pango letu sisi chimbuko lake ni Greccio, kijiji cha milimani huko Italia, mwaka 1223. Siku kama 15 kabla ya Krismasi, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alimwita bwana mmoja wa pale, Yohane, akamwomba atayarishe hori, nyasi, ng'ombe na punda. Alitaka aone kwa macho yake dhiki aliyozaliwa nayo yule Mtoto. Usiku ule watu walipanda na mishumaa na mienge, Misa ikasomwa penye hori. Fransisko alikuwa shemasi, hivyo Injili aliiimba yeye. Ndugu Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake, anasema alipolitamka neno Bethlehemu sauti yake ilitoka kama ya kondoo anayelia. Hapo huwa nasimama kidogo kila nikisoma. Sanamu Tomaso hazitaji. Anataja nyasi, na kwamba watu walizihifadhi, wakawalisha mifugo iliyougua, ikapona.

Babu yako hakuzijua habari za Greccio. Lakini unakumbuka nilivyokusimulia: alichukua nyasi zilezile tulizozibeba kichwani kutoka tambarare kuja kumlisha ng'ombe wetu, akazitandaza chini ya majani makavu ya mgomba, akasimika masale, ile mimea ya majani marefu, pande zote mbili. Ukipiga magoti pale unasikia harufu ya zizi. Ndiyo maana hizi nyasi za plastiki zinazouzwa mjini sizitaki, hata ukiniletea bure. Pango lisilonuka zizi limemwondolea Mtoto umaskini wake, na Fransisko aliuhangaikia umaskini huo.

Basi mje mapema, barabara isijajaa. Nyasi nimeshazianika nyuma ya jiko. Sanamu ya Mtoto iko kabatini, nimeifunga kwenye kanga, na haitoki mpaka usiku wa tarehe 24. Mwaka huu atailaza horini huyo aliyeuliza.

Mama yako