Kwa nini mashua za Cambridge zinagongana

Zinagongana kwa makusudi, ndugu: ni mashindano ya kupiga makasia kati ya koleji za Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mto Cam ni mwembamba, mashua haziwezi kushindana ubavu kwa ubavu, hivyo hupangwa moja nyuma ya nyingine, nafasi ya kama mashua moja na nusu katikati. Mzinga ukilia, unamkimbiza wa mbele huku wa nyuma akikukimbiza wewe. Ukimgusa, kesho mnabadilishana nafasi, na leo ninyi mliogusa mnarudi mmejichomeka matawi kichwani kwa ushindi. Ni siku nne, na mwakani koleji inaanzia pale ilipoishia, ndiyo maana utani wa jadi haufi.

Na ukijiuliza kama wanafunzi hawa wanasoma, wanasoma! Mashindano yanayoitwa ya Mei hufanyika Juni, wengi wameshamaliza mitihani. Wa Chuo Kikuu cha Oxford ndio wenye kazi: mashindano yao ya aina hii huangukia Mei kweli, baadhi ya wa mwaka wa mwisho wakiwa bado na mitihani.