Mama anatimiza mwaka, na laki mbili sina

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi wa Rajabu mama yetu anatimiza mwaka tangu atangulie mbele ya haki. Kaka zangu wanataka hitima kubwa ya kumsomea Qur'ani, wachinje ng'ombe, na kila mtoto atoe laki mbili. Mimi nakaanga mihogo, sina hizo pesa. Mdogo wetu naye anasema hitima ni bidaa, uzushi katika dini, hakanyagi. Halafu kuna shoga yake mama anadai hela ya vitenge, mama hakuimaliza. Tufanyeje?
Muuza mihogo, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Hilo la vitenge umelitaja mwisho, mimi naanza nalo. Deni la maiti hulipwa kabla hata ya kugawa mirathi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiletewa jeneza, huuliza kama marehemu anadaiwa. Basi mchango wa kwanza uende kwa huyo mama, tena mwendeeni nyumbani kwake, mumwombe amsamehe mwenzake kwa kucheleweshewa.

Hitima haina sharti la ng'ombe. Hapa Ngamiani marehemu mume wangu tunamsomea baada ya Alasiri. Tunaazima madrasa lile sanduku la juzuu 30 za Qur'ani, ubani unafukizwa, kila mtu anachukua juzuu yake na kuinama. Watoto tunawapa Amma, juzuu ya mwisho, maana sura zake fupi wengi wanazisoma kwa ghibu. Ikishasomwa dua, ni kahawa na tende, watu wanarudi makwao. Nakwambia kweli, siku hiyo moyo wangu hutulia.

Mdogo wenu msimlazimishe wala msimnunie. Masheikh wenyewe wanatofautiana juu ya hitima, ila kumwombea maiti na kumtolea sadaka wanakubaliana. Sahaba Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume sadaka ipi ni bora, akaambiwa maji, akachimba kisima. Mpeni kijana kazi hiyo: asimamie simtanki na bomba pale madrasa, watoto wapate pa kutilia udhu.

Tarehe ifuateni ya Rajabu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi, mkihesabu kwa kalenda ya ukutani mtachelewa siku kama 11.

Na wewe usikope. Toa ulichojaaliwa, kisha shika juzuu yako. Kamwone kaka mkubwa wiki hii, kabla hawajamlipia huyo ng'ombe.